Steringi kaua simba, bibi kauliza: nguruwe wako wapi?

Kama mfuko uko vizuri, hongera zako. Kama ukata umekubana, vuta kigoda ukae, leo tunaangalia picha na hakuna kiingilio.

Nina mshikaji wangu mmoja hapa mjini, mgonjwa wa chesi. Nakushauri usikae naye kuangalia picha yoyote yenye ubao wa mchezo huo. Steringi anasogeza farasi, anatabasamu kwa dharau, adui jasho linamtoka, nyie wote mnashangilia, yeye kashika kichwa kama kafiwa. "Ubao wameuweka kiupande! Kona ya kulia ya mchezaji inatakiwa iwe na kijumba cheupe!" Mara, "Mfalme hawezi kukaa hapo, angeshakufa zamani!" Picha lote linakuharibikia. Mara moja tu nilimwona katulia kama maji ya mtungini, tulipoangalia Queen of Katwe la mwaka 2016, lile la binti wa Kampala, Phiona Mutesi, na kocha wake Robert Katende, ambamo Lupita Nyong'o kacheza kama mama mtu. Pale hakusema neno hadi mwisho. Nikamuuliza vipi, unaumwa? Akasema, "Hawa wamewaheshimu wanaojua."

Mimi nilikuwa namwona mnoko tu. Kijumba cheupe, kijumba cheusi, nani anaangalia? Picha ni picha bwana, lazima wapige kamba kidogo. Mpaka nilipokwenda Rutamba.

Kwa msioijua, Rutamba iko mkoani Lindi, ukiiacha bahari na kuingia ndani kidogo, na ina ziwa lake la jina hilo hilo. Ndiko alikozaliwa mama yangu. Nilikwenda kusalimia baada ya kupigwa simu kadhaa za lawama ("umeota mapembe huko Dar?"), na kwa ujanja wangu wa mjini nikabeba flashi imejaa picha, niwakoge mabinamu. Mjomba ana sola na runinga yake. Jioni ikitolewa uani, nusu ya jirani wanahamia hapo na mikeka yao. Nikaona niwachagulie picha la Afrika, tena la simba. Si mko porini? Basi nawaletea pori kwenye kioo.

Nikaweka The Ghost and the Darkness. Waliokuwepo miaka ya tisini wanalikumbuka, lilitoka mwaka 1996, Val Kilmer ndiye steringi na Michael Douglas mwindaji mwenye maneno mengi. Linahusu simba wawili wa Tsavo, kule Kenya, waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898. Nilikuwa na ile kopi iliyotiwa Kiswahili na jamaa mmoja wa sauti nzito, wale wafuasi wa akina Lufufu, ambao ukisikiliza vizuri nusu ya maneno wanayatunga wenyewe. Mwanzoni kabisa msimulizi wa picha anakuapia kuwa kisa ni cha kweli, hata pale utakapoona hapaaminiki. Mtia sauti wetu akaongeza na kiapo cha kwake.

Simba wa kwanza akatokea. Shingoni kajaa manyoya hayo, utadhani katoka saluni. Mzee mmoja jirani akacheka, "Huyu kafugwa huyu." Sikumwelewa. Baadaye nilipofuatilia nikakuta mzee ana haki zake zote. Wale simba wawili wa Tsavo walikuwa madume wasio na manyoya ya shingoni, na si siri, maana ngozi zao zipo hadi leo. Bwana Patterson, yule injinia aliyewaua, alizifanya mazulia ya kukanyagia kwa miaka mingi, kisha akaliuzia jumba la makumbusho la Field kule Chicago, wakazijaza na kuzisimamisha ndani ya kioo. Kwa hiyo watengeneza picha walikuwa na simba wenyewe wa kwenda kuwaangalia, huko huko kwao Marekani! Wakaamua kutumia simba wa kufugwa, wenye manyoya. Na Tsavo yenyewe haimo. Lile pori ni la Afrika Kusini.

Haya, hizo ni kamba za kawaida. Lakini na yule Michael Douglas sasa, mwindaji Remington, aliyenitoa machozi alipokufa? Hakuwahi kuwepo duniani. Wamarekani walimtengeneza tu. Patterson aliua simba wake mwenyewe, wa kwanza tarehe 9 Desemba 1898 na wa pili tarehe 29 mwezi huo huo. Naye si kwamba alikuwa mtu wa kuaminika sana kwenye hesabu. Alikuja kusema simba wale walikula watu 135, wakati wataalamu waliopima mifupa na nywele zao mwaka 2009 walikadiria kama 35. Mia moja yote ni chumvi! (Watu 35 nao ni wengi jamani, tusije tukaanza kuona ni wachache kwa sababu ya yule bwana.)

Turudi uani. Picha likawa linakwenda, simba wanaruka mchana kweupe katikati ya watu, wawili kwa pamoja, kama majambazi waliopanga. Mabinamu wanapiga kelele, watoto wamejificha kwenye kanga za mama zao. Mimi nimekaa kifua mbele, si nimeleta burudani? Bibi yangu alikuwa pembeni anachambua mchicha, hata sikudhani anaangalia. Akaniita.

"Mume wangu," akasema, ndivyo anavyoniita. "Hao watu hawalimi?"

"Hawalimi, bibi. Wanajenga reli."

"Na wenyeji wa hapo?"

Nikaangalia kioo. Wenyeji wa hapo hawamo, labda wale wanaopita na mikuki wakiimba.

"Basi nguruwe wako wapi?"

Watu wazima wote wakaitikia kwa mguno, kama vile kauliza swali la maana kuliko yote. Mimi mtoto wa mjini nikabaki nimetoa macho. Nguruwe wanaingiaje kwenye picha la simba?

Mjomba akasimamisha picha. Akanielewesha taratibu, kama unavyomwelewesha mgeni njia ya kisimani. Simba wa huku kwetu, akasema, hakufuati wewe. Anamfuata nguruwe mwitu. Nguruwe naye anafuata mahindi, mpunga na muhogo wako, usiku, na akiingia shambani mara moja umekwisha, mwaka mzima utakula upepo. Sisi wengi hapa Waislamu, nguruwe hatumli, kwa hiyo hakuna anayehangaika kumwinda kwa ajili ya kitoweo. Sasa ufanyeje? Unajenga dungu shambani, unalala huko na mkeo na watoto, mnapiga madebe hadi alfajiri. Dungu lenyewe miti na makuti, mlango hauna. Simba anakuja na njaa yake kumtafuta nguruwe, anakuta ninyi.

Akanyamaza. Kisha akasema kaka yake bibi ndivyo alivyokwenda, zamani, mimi sijazaliwa. Alikuwa kwenye dungu. Hakukuwa na muziki wa kutisha wala nini. Mkewe aliamka akakuta mahali pake pamebaki shuka.

Msomaji wangu, niliporudi Dar nikatafuta, maana nilijiuliza isije ikawa mjomba naye ananipiga kamba. Mwaka 2005 watafiti wakiongozwa na Craig Packer, wakiwemo Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui, walichapisha hesabu yao kwenye jarida la Nature. Tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu 563 na zaidi hapa Tanzania na kujeruhi wasiopungua 308. Hebu rudia kusoma: mia tano sitini na tatu. Na Lindi na Rufiji ndiko kulikokuwa na balaa kubwa. Wakasema mashambulizi yanapanda msimu wa mavuno, na yanatokea zaidi pale ambapo wanyama wa kuliwa na simba wamekwisha, wamebaki nguruwe mwitu. Yaani walikuja na magari, ramani na kompyuta, wakapata jibu ambalo bibi alilisema huku anachambua mchicha.

Mwaka 2011 wakatoa jingine. Walichambua mamia ya matukio ya hapa kwetu, kuanzia 1988 hadi 2009, wakakuta hatari inazidi siku kumi zinazofuata baada ya mbalamwezi kuwa kamili. Sababu ni rahisi ukiambiwa. Mwezi ukishaanza kupungua unachelewa kuchomoza, kwa hiyo zile saa za jioni, ambapo watu bado mko nje mnaoga, mnapika, mnarudi shambani, zinakuwa giza totoro. Na simba aliyekaa siku kadhaa za mwanga bila kupata kitu anakuwa na njaa. Kwenye picha, mwezi mkubwa ukitokea ndiyo unajua kuna mtu anakufa. Kumbe usiku wa kuogopa ni ule mwezi bado haujatoka.

Sasa nisikilize hapa, ndipo nilipomwelewa mshikaji wangu wa chesi, nikaona hata yeye analia na kitu kidogo. Ubao ukiwekwa kiupande hafi mtu. Lakini picha la simba linakufundisha kwamba simba mla watu ni shetani, ana akili ya kibinadamu, anaua kwa raha zake. Jina lenyewe la picha limeshasema, Mzimu na Giza. Na huku kwetu maneno hayo yana wenyewe tayari. Nani hajasikia habari za simba wa kutumwa, simba ambaye si simba, ana mtu nyuma yake? Ukishakubali kwamba simba ni mzimu, kinachofuata ni kumtafuta mwenye mzimu, na unajua anapotafutwa huwa anapatikana nani. Hapatikani tajiri mwenye bunduki. Anapatikana bibi kizee wa nyumba ya mwisho, mwenye macho mekundu ya moshi wa kuni.

Nilimuuliza mjomba kama Rutamba yaliwahi kufika huko. Akasema, "Tuendelee na picha." Sikurudia kuuliza.

Halafu kuna hili la steringi. Kwenye picha dawa ya simba ni mwanaume mmoja na bunduki. Sikatai, simba aliyekwishazoea kula watu hana budi kuuawa. Kule Rufiji kulikuwa na mmoja watu walimpachika jina la Osama, aliua watu zaidi ya 30 kati ya mwaka 2002 na 2004 alipopigwa risasi, na alikutwa na jino limeoza vibaya. Hata mmoja wa wale wa Tsavo alikuwa na jino bovu. Magazeti yakalipenda hilo la jino, ni tamu kusimulia. Lakini wale 563 hawakuliwa na simba mmoja mwenye jino bovu. Waliliwa wakiwa kwenye madungu, njiani wakirudi jioni, au uani wakienda chooni. Ua wa nguruwe, mtaro wa kuzunguka shamba, nyumba yenye mlango, choo cha karibu, nani atatengeneza picha la choo? Michael Douglas hawezi kukubali kucheza.

Lile picha lilipata Oscar, nadhani unajua. Ya sauti. Hiyo nawapa bila ubishi, maana simba aliponguruma mbwa wote wa mjomba walikimbilia uvunguni.

Steringi alipoua simba wa mwisho vijana walipiga makofi, na mimi nikapiga, sitakudanganya. Ilikuwa kama saa tatu unusu usiku. Kwa kawaida picha likiisha watu wa mjini mnatoka mmoja mmoja, kila mtu na simu yake. Pale hakuna aliyeondoka. Walikunja mikeka, wakangojana mpaka wa mwisho kapata ndara zake, watoto wakawekwa katikati. Bibi akaangalia juu, mashariki, mwezi haujatoka. Akampa mjomba tochi moja atangulie, nyingine akanipa mimi.

"Wewe mwenye picha kaa nyuma," akasema, "na usiniangazie miguu yangu. Angaza majani."