BUSTANI YA NYUMBANI: Mti wa Matawi Yaliyoinama

Bwana mmoja wa Diani ameniletea barua pamoja na picha aliyoikata katika kalenda. Katika picha hiyo umesimama mti mfupi, matawi yake yameinama hata kukaribia ardhi, na majani yake mekundu yamechanika kama vidole vya mkono. Auliza mti huu waitwaje, na kama aweza kuupanda mbele ya nyumba yake. Asema yupo mtu aliyemwahidi mche, naye yu tayari kutoa fedha nyingi. Swali hili ni jema, nami nalijibu upesi kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Mti huo asili yake ni Japani na nchi za jirani, na Wajapani huuita momiji. Ni wa jamii moja na ule ambao jani lake limechorwa katika bendera ya Kanada. Wakati wa baridi kali hupukutisha majani yote ukalala, na usingizi huo ndio unaoupa nguvu ya kuchipua upya. Kwetu Kwale baridi ya namna hiyo haipo. Tena majani yake ni mororo. Jua kali na upepo wenye chumvi huyaunguza. Wala aina hiyo iliyoinama haipatikani kwa kupanda mbegu tu. Mafundi huunganisha kijiti chake na shina la mwenziwe, na kwa sababu hiyo bei yake ni kubwa. Zaidi ya hayo, mche wa nchi za nje hauruhusiwi kuingia Kenya bila kibali cha KEPHIS, yaani shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, kwa maana katika mche mmoja yaweza kujificha maradhi ya kuangamiza mashamba ya watu wengi. Basi, ndugu yangu, zizuie fedha zako.

Walakini sikusudii kumvunja moyo. Kupenda pambo la nyumba si upuuzi. Mtu aliyechoka na kazi ya shamba au ya afisi hufarijika aonapo mti mzuri mlangoni pake. Lakini wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mti wa matawi yanayoinama tunao. Ni mvinje, ule usimamao ufuoni kuanzia Diani hata Msambweni, ukivuma kwa upepo kama mtu anong'onaye.

Mvinje nao kwa asili ni mgeni kutoka nchi za mashariki ya mbali, lakini umekubali mchanga wetu na chumvi yetu. Mizizi yake ina vinundu ambamo vijidudu visivyoonekana kwa macho huchukua naitrojeni ya hewani na kuulisha mti, na hii ndiyo sababu hustawi katika ardhi maskini. Ushahidi uko Bamburi, kaskazini ya Mombasa, ambako uchimbaji wa mawe ya saruji uliacha ardhi tupu. Bwana René Haller alianza mwaka 1971 kujaribu huko miti ya aina 26. Ni mitatu tu iliyostahimili, na mvinje ulikuwa mmoja wapo. Majani yake yaliyodondoka yalikataa kuoza, mpaka akaleta majongoo wayale na kuyageuza kuwa mbolea. Leo mahali pale pana msitu.

Kuuotesha si kazi ngumu. Chuma vikoni vinapogeuka rangi ya kahawia, uvianike juu ya karatasi siku chache, na mbegu zitatoka zenyewe. Zisie upesi, maana hazidumu muda mrefu. Changanya mchanga na udongo, funika mbegu kidogo tu, na uwazuie sisimizi, kwani hao ni wezi wakubwa wa mbegu hizo. Anayetia mbegu kitaluni wakati wa vuli atakuwa na miche tayari kwa masika.

Sasa nasema jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Usiupande karibu na nyumba. Mimi nilijifunza haya kwa hasara. Nilipoanza kazi ya ukarani nilipanda mivinje mitatu mbele ya nyumba ya mama yangu huko Msambweni, hatua tano tu kutoka ukutani, kwa kuwa nilitaka wapitao njiani waione. Sikukumbuka kwamba mti huo waweza kufika futi 100. Majani yakaziba mifereji ya bati, na maji ya mvua yakapotea bure. Mwaka wa tisa, usiku mmoja wa kusi, tawi kubwa likaangukia jiko la makuti. Mama alikuwa ametoka humo punde tu kuchota maji.

Asubuhi nilimwita fundi wa msumeno akaangusha miwili. Wa tatu mama alinikataza. Akasema, "Mwanangu, chini ya huu ndipo nikaapo nikichambua mboga. Hamisha jiko, mti uache." Nikalihamisha, kwa gharama iliyopita mbali bei ya miche yote niliyoipanda.

Basi pima hatua ishirini kutoka nyumbani, na zaidi ikiwa paa ni la makuti, kwa kuwa majani makavu hushika moto haraka. Ukitaka uwe mfupi, anza kuukata ncha ungali mchanga. Ukiukata shina karibu na ardhi umekwisha kuwa mkubwa, kwa kawaida hauchipui tena. Usitarajie mboga kustawi chini yake.

Mwisho, tukumbuke desturi ya pwani yetu. Tangu zamani mwenye mnazi aliweza kuwa mtu mmoja na mwenye ardhi mwingine, na kwa hiyo mti wa kudumu ulihesabiwa kuwa alama ya haki. Ikiwa wakaa katika ardhi ya mtu, mwombe ruhusa mbele ya mashahidi, ijapokuwa mti wako ni wa pambo tu. Na ikiwa wapakana na jirani, mwite alione shimo kabla hujalifukia. Mche hung'oka kwa mkono mmoja, lakini ugomvi wa mpaka hurithiwa na wajukuu.

Bwana wa Diani, picha yako nimeihifadhi. Itundike ukutani, na nje upande mvinje.