Karuho gani hii inayosikiliza risasi?

Jumapili iliyopita, hapa Bihambwe, Kongo mashariki, mhubiri mgeni alitutangazia kwamba tumbo linalovimba bila mimba ni tumbo lililolishwa. Hakusema limelishwa nini. Kwetu huku hakuna haja ya kumalizia sentensi hiyo. Kanisa likaitika amina, na nusu ya macho yakageuka kumtazama mjane mmoja wa benchi la nyuma, ambaye kosa lake ni kuishi miaka mingi na kupika vizuri. Nilibaki nauma meno hadi sadaka ikapita.

Karuho, sumu ya kulishwa kwa siri! Mtoto akicheua, karuho. Bwana arusi akisusa bugali, karuho. Mtu akikosa choo siku tatu, ukoo unakaa kikao kuhesabu kila nyumba aliyokula tangu mwezi uliopita.

Nina swali moja tu, nami nitalirudia mpaka mnichoke: karuho gani hii inayosikiliza risasi?

Nasema hivyo kwa sababu ya shangazi yangu. Mapema mwaka 2023, vita vilipofika Mushaki, alishuka na godoro kichwani mpaka kambi ya Bulengo, nje kidogo ya Goma. Wiki ya kwanza tumbo likajaa kama ngoma. Kambi ilipotulia, likashuka. Mei 2024 mabomu yakaangukia wakimbizi wa Lac Vert na Mugunga, jirani kabisa na Bulengo, na siku ileile tumbo likapanda. Februari 2025 kambi zikavunjwa, akarudi kwenye shamba lake, akalala usiku kadhaa wa kimya, mkanda wa kitenge ukalegea wenyewe. Milio ikisikika upande wa Rubaya, tumbo linajaa kabla ya giza. Sasa nielezeni, enyi wataalamu wa karuho. Mlozi huyo alimfuata shangazi kwa miguu mpaka Bulengo, akakaa naye kwenye hema, akangoja bomu lianguke ndipo aitie sumu kwenye maharage? Halafu kila amani ikirudi anapumzika? Mlozi mwenye nidhamu ya namna hiyo tungempa kazi ya kusimamia barabara ya Sake, labda ingepitika masika.

Muganga wa kituo cha afya alimpima choo: minyoo hakuna, amiba hakuna. Akamuuliza swali ambalo mufumu, yule mtoa karuho wa kienyeji, hakuwahi kumuuliza: “Mama, usiku unalala?” Shangazi akalia.

Lugha yetu ilikwisha kulijua jambo hili kabla ya waganga. Mswahili wa pwani akisema fulani yuko matumbo joto, hamaanishi homa ya tumbo, anamaanisha mtu ana hofu. Tunasema chakula hakipiti kooni, tunasema fulani anakula roho juu. Babu zetu waliotunga maneno hayo hawakuwa na darubini, lakini walikuwa na matumbo.

Na wenye vipimo nao waliona vilevile. Mwaka 1822, kisiwani Mackinac huko Marekani, kijana Alexis St. Martin alipigwa risasi, akapona, ila tumbo lake likabaki na tundu lisilofunga. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alichungulia humo kwa miaka, na miongoni mwa aliyoyaandika ni kwamba kijana akikasirika, kazi ya kusaga chakula inavurugika. Mwishoni mwa karne hiyo Walter Cannon wa Harvard aliwalisha paka chakula maalumu akawatazama kwa eksirei: paka akitishwa, tumbo linaacha kucheza, akitulizwa, linaanza tena. Paka wa Harvard hawakuwa na jirani anayewaonea kijicho.

Utumbo una mamilioni ya chembe za neva zake wenyewe, na umeunganishwa na ubongo kwa neva ndefu iitwayo vagasi. Hofu ikipiga, mwili hauna habari na maharage, unajiandaa kukimbia. Damu inaitwa miguuni na moyoni, tumbo linachelewa kumwaga kilichomo, huku utumbo mpana ukiweza kuharakisha, ndiyo maana mwingine anavimba na mwenzake anahara kwa mlio uleule. Mwenye mawazo anameza hewa bila kujua. Tena neva zinakuwa kali, hata gesi ya kawaida inamuuma kama kisu.

Watanijibu: “Lakini mufumu alimtapisha, tuliiona karuho kwa macho!” Hoja hii naipenda kuliko zote. Mufumu anakunywesha lita mbili za maji ya majani, unatapika majani, kisha anakuonyesha majani na kukudai mbuzi. Mimi nikikunywesha maziwa nitakutolea ng'ombe?

Tungecheka tukaishia hapo kama jambo hili lingeishia kwenye mbuzi. Septemba 2021, kwa jirani zetu Kivu Kusini, wanawake wanane waliuawa kwa kuitwa wachawi, wengine kwa moto, na nyuma ya tuhuma hizo kulikuwa na wapiga ramli waitwao bajakazi. Nilipoona macho yakimgeukia yule mjane wa benchi la nyuma, niliwakumbuka wanawake hao.

Mnataka mshukiwa wa chakula? Nitawapa: maharage yenyewe, yaliyopikwa nusu. Yana sukari ambayo utumbo wetu hauwezi kuisaga, vijidudu vya utumbo mpana vinaisherehekea, vinatoa gesi. Kule kambini kuni zilikuwa ghali, na mwanamke aliyezifuata msitu wa Virunga alijua anaweza kubakwa njiani. Kwa hiyo sufuria liliepuliwa mapema, na aliyekula alikula akisikiliza. Wageni wanaotuletea kamera na kutuita Uswisi ya Afrika kwa ajili ya vilima na jibini hawapigi picha sufuria hilo. Jibini lenyewe linapanda gari kwenda Goma. Sisi tunabaki na sifa.

Alichofanya shangazi hakiuzwi sokoni kwa wale wauza kapsuli za rangi mbili zinazotibu kila kitu. Analoweka maharage usiku kucha, anamwaga yale maji, anapika mpaka yapondeke. Anakula kidogo kidogo, anatafuna, hazungumzi habari za vita mezani. Kabla ya kula anaweka mkono kwenye kitovu, anavuta pumzi puani polepole mpaka mkono uinuke, anaitoa taratibu kuliko alivyoivuta, dakika tano hivi. Mara ya kwanza tulimcheka. Akishiba hajilazi, anatembea mpaka kwenye chemchemi na kurudi. Sucré ameiacha kabisa, ile soda, gesi ya chupa, tunayowaheshimu nayo wageni kana kwamba tumboni mwao hakuna ya kutosha. Anakunywa maji moto ya tangawizi. Na jioni anakaa na wanawake wenzake wakisemezana yaliyowapata, jambo ambalo sisi wanaume tunaliita umbea, huku sisi tukiyapeleka mawazo yetu kwenye pombe ya kasiksi na kuamka na matumbo makubwa kuliko yao.

Hakupona kama wanavyopona watu katika ushuhuda wa kanisani. Milio ikianza, tumbo linaanza. Ila sasa anajua linaitikia nini, na hamtazami mtu vibaya.

Na asinisingizie mtu kwamba nimesema kila tumbo ni hofu. Ukiona damu chooni, ukikonda, ukipata homa, ukitapika mfululizo, tumbo likikaza na hata upepo hautoki, au likizidi kukua siku hadi siku, nenda kwa muganga leo. Usipitie kwa mufumu, wala usianze na siku saba za chumba cha maombi.

Ibada ilipokwisha siku ile, mhubiri alikuwa ameketi nje na chupa ya pili ya sucré mkononi. Pikipiki moja ikapiga mlipuko mlimani, ule wa moshi mbaya. Sote tuliinama. Mhubiri akainuka, uso umebadilika, akaniuliza kwa sauti ndogo choo kiko wapi. Nilimwonyesha njia ya nyuma ya migomba.