Aibu ya Nusu Sekunde



Tarehe 1 Februari 2004 mjini Houston, Marekani, wakati wa mapumziko ya fainali ya Super Bowl, mwimbaji Justin Timberlake alivuta vazi la mwenzake Janet Jackson. Kipande kikabanduka, kifua kikabaki wazi mbele ya mamilioni ya watazamaji. Wenyewe walisema ni ajali ya nguo. Ilidumu kama nusu sekunde tu.

Sisi hatuzitetei ngoma zile. Tunaangalia yaliyofuata. Kituo cha CBS kilitozwa faini ya dola 550,000, ambayo baadaye mahakama iliifuta. Watu waliitafuta picha ile na kuirudia. Lawama nyingi zikamwangukia mwanamke. Aliyevuta nguo alirudi jukwaa lile lile mwaka 2018, na mwaka 2021 ndipo akamwomba radhi Janet hadharani.

Je, aliyefunuka kwa bahati mbaya ana kosa kuliko anayerudia kutazama? Hatuoni hivyo.

Leo kila mkono una simu. Upepo ukimfunua dada yetu stendi, au suruali ya mwanafunzi ikichanika akipanda bodaboda, tuinamishe macho, tumpe kanga au koti ajisitiri, wala tusipige picha. Ukiletewa video, ifute, usiisambaze. Mwenye kumsitiri mwenzake, Mola humsitiri.

Wazazi, tuwafundishe watoto adabu hii kabla ya kuwanunulia simu.