Nyimbo Zipo, Wenyewe Wamefutwa

KERO ZA WIKI
Na Mwinyi wa Ilala

Jumapili nilikwenda kwa dada yangu Sinza nikakuta ukuta wa sebuleni mweupe. Kabati la sidii halipo. Shemeji yangu wasomaji wa safu hii mnamfahamu: ndiye aliyeuza cherehani ya marehemu mama yake kwa kuwa "inajaza nyumba", kisha akanunua baiskeli ya mazoezi ambayo hadi leo inaanikiwa taulo. Safari hii ilikuwa zamu ya muziki wa baba yake. Taarabu, dansi, rumba ya Kinshasa, vyote kavipeleka kwa kijana mwenye kibanda, vikarudi ndani ya flashi ndogo kama ukucha. Makasha na vijitabu vyake, jalalani. Sidii zenyewe zimepelekwa shamba kufukuzia ndege.

"Teknolojia hiyo, shem," akaniambia.

Nyie mnaoniita mzee wa santuri, msianze. Sina ugomvi na kuingiza sidii kwenye kompyuta. Sidii iliingia madukani 1982, imefanya kazi yake, na vyumba vya siku hizi mtu ukinyoosha mkono unagusa dirisha la jirani. Ugomvi wangu ni na uharibifu wa harakaharaka unaopewa jina la maendeleo.

Shemeji akachomeka flashi. Ikaja sauti ya Hassan Rehani Bitchuka, na sauti ile mtu wa Dar hahitaji kutambulishwa. Lakini bendi gani? Shemeji akasema Sikinde. Mimi, ambaye itikadi yangu mnaijua, nikasema hiyo ni Msondo, enzi za Juwata. Dada akatoka jikoni na mwiko mkononi: nyote hamjui kitu, hiyo ni Safari Sound, Ndekule! Na Bitchuka kote huko kaimba, kwa hiyo hakuna wa kumcheka mwenzake. Tukageukia runinga itupe hukumu. Ikatujibu: wimbo namba 07, msanii hajulikani.

Hajulikani! Bitchuka! Nikafungua nyimbo nyingine, nazo hivyohivyo. Flashi nzima imejaa wasiojulikana.

Iko hivi. Sidii nyingi za muziki hazibebi majina ya nyimbo ndani yake. Kompyuta huyatafuta kwenye intaneti, na huyakuta pale tu ambapo kuna mtu aliyewahi kuketi akayaandika. Ukiweka Michael Jackson, yanakuja yenyewe. Ukiweka sidii ya dansi iliyochomwa mtaani, jiandikie mwenyewe. Kijana wa kibanda hulipwa kwa idadi ya sidii, nani atamlipa aketi kuandika "King Michael Enoch, gitaa"?

Na majina hayo yalikuwa wapi? Kwenye vijitabu! Marehemu baba yake shemeji alikuwa na sidii za mfululizo wa Zanzibara, uliotolewa Ufaransa na Buda Musique. Ya kwanza ni ya Ikhwani Safaa, kikundi cha tangu 1905. Werner Graebner, aliyeusimamia mfululizo huo, aliandika na maelezo yake: nani ni nani, wapi na lini. Mgeni kahangaika kutuandikia majina ya wazee wetu, mtoto wao kayapeleka jalalani pamoja na maganda ya ndizi.

Sauti nayo kaiua. Kijana kageuza kila kitu kuwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, maana yake imebaki chini ya sehemu moja ya kumi ya data iliyokuwemo kwenye sidii. Besi inasikika kama jirani anayegonga ukuta. Angetumia FLAC, isiyotupa chochote, diski moja ya terabaiti moja ingemeza sidii zaidi ya elfu mbili na nafasi ingebaki. Angenunua na diski ya pili ya akiba, kwa kuwa diski nazo hufa. Vijitabu angevipiga picha kwa simu ile anayoshinda nayo akitazama mpira. Jioni chache tu, na ukuta wake ungekuwa mweupe vilevile.

Hakufanya, na msiniambie hakujua. Mtu huyu akinunua simu mpya hukesha akihamisha namba, moja moja, na jina lake: Fundi Bomba, Fundi Bomba Mpya, Fundi Bomba Usimpigie. Namba za mafundi zina thamani. Wazee waliotuchezesha hadi alfajiri ni mzigo wa kupunguza. Tunavionea haya vitu vya wazazi wetu, basi. Nafasi ni kisingizio.

Wakati naaga, shemeji akanidokeza kwamba wiki ijayo anampelekea kijana yuleyule albamu za harusi yao.

Dada yangu, ukisoma hapa, jiandae. Kuanzia Jumatatu utaitwa Picha 001, bibi harusi hajulikani.