Jogoo Anayerukia Watu Hastahili Kutetewa

Katika maboma mengi ya Embu, kuanzia Manyatta na Runyenjes kwenye miteremko ya Mlima Kenya hadi Siakago na Kiritiri kule Mbeere, kuku wa kienyeji hawafungiwi mchana. Huzurura kati ya mibuni na migomba, hupekua chini ya ghala, na jua likiwa kali hujilaza kivulini karibu na mlango wa jikoni. Wanapopita kuku ndipo anapopita mtoto anayetoka shuleni na nyanya anayerudi na kuni. Kwa sababu hiyo, jogoo anapoanza kurukia watu, shauri huwa limevuka mipaka ya ufugaji na kuwa la usalama wa nyumba. Hata hivyo, jogoo wa namna hii hakosi mawakili. Nayajibu madai yao hapa moja baada ya jingine, kwa sababu yamerudiwa mno hadi watu wanayachukua kuwa kweli.

Dai la kwanza: "Tukimwondoa, kuku hawatataga."

Si kweli. Kuku jike hutaga kulingana na umri, lishe, maji na mwanga wa mchana. Jogoo hana mkono katika hilo. Wafugaji wa kuku wa mayai wanaouza kwa trei hufuga matetea pekee, na mayai huokotwa kila siku. Jogoo anahitajika pale tu unapotaka vifaranga, na hata hapo mmoja huwatosha matetea wanane hadi kumi na wawili. Zaidi ya hayo, tetea aliyekwisha pandwa huendelea kutaga mayai yenye mbegu kwa wiki moja au zaidi baada ya jogoo kuondoka. Una nafasi, basi, ya kutafuta mwingine bila kukatiza mpango wako wa kuatamisha. Wahenga walisema jogoo likiwika lisiwike kutakucha, na kwa mayai ya kula methali hiyo ni kweli tupu.

Dai la pili: "Ukali wake ndio unaowafukuza mwewe."

Dai hili lina uzito, hasa Mbeere ambako ardhi ni wazi na kifaranga huonekana kutoka mbali angani. Lakini hebu mtazame jogoo akiwa kazini. Mwewe akipita juu, jogoo huinamisha kichwa upande ili jicho moja litazame mbinguni, kisha hutoa mlio mmoja mrefu na mwembamba. Papo hapo matetea hukimbilia vichakani au hubaki wamenyamaza kama mawe. Akiwa ameona mbwa au nguchiro, mlio hubadilika na kuwa wa kukatakata na wa kelele. Watafiti wa tabia za ndege wamethibitisha kwamba milio hiyo miwili ni tofauti, na kwamba kuku huitikia kila mmoja kwa namna yake.

Huo ndio ulinzi wenyewe: macho na sauti. Jogoo mpole anao, na jogoo mkali anao. Kumrarua mtoto miguu hakuongezi chochote. Usiku ndiyo kabisa, kwa maana kuku haoni vizuri gizani. Jogoo mkali hulala juu ya mti wa kulalia sawa na wengine huku fungo akitafuta upenyo. Anayelinda usiku ni banda lenye mlango unaofungika na waya usio na matundu makubwa. Nao vifaranga huokolewa na tenga au kizimba katika wiki zao za kwanza, pamoja na mama yao, ambaye hupigana na mwewe kuliko jogoo yeyote.

Dai la tatu: "Watoto ndio wanaomchokoza."

Mara nyingine ni kweli. Jogoo aliyetupiwa mawe, aliyefukuzwa kwa fimbo au aliyezoeshwa kulishwa mkononi kisha akanyimwa, anaweza kuanza kuwarukia watu. Watoto wafundishwe kumwacha, na hilo ni jukumu la wazazi. Ila ukali mwingi huja wenyewe anapobalehe, kuanzia miezi mitano hivi, homoni zinapompanda na kumfanya amwone kila anayekaribia matetea kuwa mpinzani. Jogoo wa hivyo humrukia hata mtoto anayepita zake kimya.

Tena hata kama mtoto ndiye aliyeanza, adhabu haiwezi kuwa jicho lake. Jogoo mkubwa akiruka, miguu yake hufika usawa wa uso wa mtoto wa miaka mitatu. Kipi chake, ule ukucha mgumu wa nyuma, hakikwaruzi tu, hudunga. Jeraha lake huwa na mdomo mdogo na kina kirefu, na limeingizwa na mguu uliotoka kukanyaga udongo na kinyesi, mahali ambapo viini vya pepopunda huishi. Watoto wa Kenya huanza kuchanjwa dhidi ya pepopunda wakiwa na wiki 6, 10 na 14, lakini kinga hupungua na miaka, na watu wazima wengi hawakumbuki walichomwa lini mara ya mwisho. Jeraha la namna hiyo lioshwe kwa maji mengi na sabuni, na aliyejeruhiwa apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Wazee nao wasisahauliwe. Mwaka wa 2019 jarida moja la kitabibu lilieleza kisa cha mwanamke wa miaka 76 nchini Australia aliyekuwa akiokota mayai. Jogoo wake alimdonoa mguuni, akapasua mshipa uliovimba, naye akavuja damu hadi akafa. Visa kama hicho ni vichache. Lakini nyanya wenye mishipa iliyovimba miguuni hawako Australia pekee, na ndio wanaoingia bandani alfajiri.

Dai la nne: "Mpige barabara mara moja, atajua nani mwenye boma."

Teke kwake ni jibu la mpinzani aliyekubali pambano. Wengine hurudi kwa nguvu zaidi. Wengine huacha kumrukia baba aliyewapiga na kuanza kumvizia mama au mtoto. Isitoshe, kumtesa mnyama ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya.

Kinachosaidia ni kusoma dalili mapema. Kabla ya kuruka, jogoo hushusha bawa moja hadi liguse ardhi, husogea kwa ubavu kwa hatua fupi fupi, na manyoya ya shingo husimama. Hapo usikimbie wala usimpe mgongo. Simama, shika ungo au kifuniko cha kapu mbele ya miguu yako, kisha endelea na njia yako polepole hadi yeye ndiye apishe. Mwagie chakula mbali na miguu yako badala ya kumlisha mkononi. Tazama pia kama majogoo wamezidi, au kama banda limewabana, kwa maana msongamano huleta ugomvi. Ncha ya kipi inaweza kukatwa na kusuguliwa iwe butu, lakini ncha tu, kwa sababu ndani yake kuna mfupa na damu.

Mpe wiki tatu au nne za utaratibu huo. Vijogoo wengine hutulia. Asipotulia, jibu umelipata.

Dai la tano: "Ni mkubwa na ana mbegu nzuri, tumwache azae."

Mwili wake mkubwa utarithiwa, na hasira yake pia kwa kiasi fulani. Watu wamezalisha kuku wa kupigana kwa karne nyingi kwa kuchagua majogoo wakali, na uchaguzi huo umezaa matunda yake. Ukimwachia kundi lote, kila kifaranga kitakachoanguliwa kitakuwa na nusu ya damu yake. Baada ya msimu mmoja utakuwa na vijogoo wengi wanaofuata nyayo zake.

Umwangalie pia anavyowatendea matetea. Migongo iliyong'oka manyoya na majeraha ubavuni yanaonyesha jogoo anayewaumiza, na tetea anayeishi kwa hofu hajilishi vizuri.

Na hata angekuwa mpole kama njiwa, hafai kukaa miaka mingi, kwa kuwa ataanza kuwapanda binti zake, na damu ikirudiana vifaranga hudhoofika. Kumbadilisha jogoo ni desturi njema ya ufugaji. Katika Embu na Meru unaweza kupata jogoo kwa jirani unayemjua, au kuanza na vifaranga wa kienyeji walioboreshwa na KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, huko Naivasha. Muulize mwenye jogoo swali moja kabla ya kutoa pesa: watoto wako hupita karibu naye bila woga? Ukifika naye nyumbani, mtenge angalau wiki mbili na uhakikishe kuku wote wamechanjwa dhidi ya kideri, maana kuku mgeni ndiye huleta kilio. Chanjo hiyo hutengenezwa hapa nchini na KEVEVAPI, taasisi ya kutengeneza chanjo za mifugo.

Dai la sita: "Basi tumuuze sokoni, awe shida ya mwingine."

Kumuuza si kosa. Kosa ni kumuuza kwa kunyamaza. Mama anayemnunua ili awe baba wa kundi lake ana watoto kama wako. Sema waziwazi kwamba ni jogoo wa nyama, umuuze kwa mwenye hoteli au mchinjaji, au umchinje mwenyewe kwa kisu kikali na kwa haraka. Nyama ya jogoo aliyekomaa ni ngumu lakini tamu. Ichemshwe muda mrefu kwa moto mdogo, mchuzi wake uliwe na mukimo. Na usidhani sheria imemsahau mwenye mnyama: Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, inamhesabia kosa mtu anayepuuza hatari inayoweza kuletwa na mnyama aliye mikononi mwake.

Kazi zote anazosifiwa jogoo mkali, kupanda matetea, kuonya na kuwika, hufanywa na jogoo mpole bila kumwaga damu ya mtu. Majogoo wapole wapo wengi, na kijogoo wa kuanzia hapatikani kwa taabu. Basi kama umempa jogoo wako nafasi, ukarekebisha malisho na banda, ukawafundisha watoto, naye bado anaruka, usingoje jeraha la pili. Mwondoe wiki hii, kabla mtoto hajatumwa kuokota mayai.