KOMPYUTA KUUKUU HAITAKI PUPA

Leo nimeishika kalamu kutoa maoni yangu kuhusu jambo linalotusumbua sisi tunaopenda michezo ya kompyuta wakati wa likizo. Jambo lenyewe ni hili: mashine ikizeeka na mfuko ukiwa mwembamba, tufanye nini?

Wengi humu shuleni husema, "Nunua kadi kubwa ya picha tu, mambo yatanyooka!" Mimi napinga. Tena sipingi kwa mambo ya kusikia. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Nyumbani mimi na kaka yangu tuna kompyuta ya mwaka 2013 iliyotumika ofisini kabla ya kutufikia. Ilikuwa na kumbukumbu ya GB 4 tu. Tukicheza mpira, mshambuliaji anapiga shuti, picha inaganda, ikirudi mpira uko golini kwetu! Likizo moja tukamwuza mbuzi tuliyemlea wenyewe tangu akinyonya. Kaka akasema tununue kadi, nami nikashangilia. Tukakimbia mjini.

Masikini sisi! Kadi ilikataa kuingia, maana sanduku letu ni lile jembamba la ofisini. Isitoshe, ilitaka waya wake wa umeme, na pawasaplai yetu ya wati 240 haina waya huo. Mwenye duka akatujibu, "Mali ikishauzwa hairudi." Tukaiuza kwa mtu mwingine kwa nusu ya bei. Nusu ya mbuzi ikapotea hivyo hivyo. Mama hakutugombeza. Aliuliza tu, "Kwani hamkupima kwanza?" Swali hilo lilinichoma kuliko kiboko.

Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Kompyuta nayo ni kamba. Ukiongeza nguvu mahali pazima na kuacha palipooza, umetupa pesa. Kwa hivyo, kwa maoni yangu, tuanze na kisicho na gharama.

Kwanza ni vumbi. Prosesa ikipata joto jingi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Tulizima mashine, tukachomoa waya, tukasafisha feni kwa brashi, tukapaka dawa mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa. Kelele za feni zikapungua siku hiyo hiyo.

Pili ni kumbukumbu. Tulinunua kipande cha pili cha GB 4, cha mtumba, cha aina ile ile ya DDR3. Angalieni sana hapo, kwani DDR4 haiingii katika nafasi ya DDR3. Kompyuta isiyo na kadi ya picha huazima kumbukumbu hiyo hiyo kuchorea picha, na vipande viwili hufanya kazi bega kwa bega. Jamani, mpira ukaacha kuganda!

Tatu ni diski. Chenji iliyobaki ilinunua SSD ndogo. Hii haiongezi ulaini wa picha, nisiwadanganye, lakini mashine huwaka upesi na mchezo hufunguka haraka.

Kadi ije mwisho. Hata hapo, tundu la kadi katika mashine hutoa wati 75 tu, na baadhi ya mashine nyembamba hutoa chini ya hapo. Tafuta kadi fupi inayoishi kwa umeme huo bila waya wa ziada, na upime sanduku kwa rula kabla ya kutoa hata shilingi.

Najua wako watakaosema, "Wacha hayo! Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mashine hizo ni takataka." La hasha! Linux ni ya bure, na michezo mingi ya zamani huchezeka humo. Kweli, michezo mipya mizito hatutaicheza. Lakini mwenye baiskeli hashindani na matatu, naye hufika.

Wenzangu, usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla ya kuuza mbuzi, fungua sanduku, soma maandishi yaliyo ndani, uliza anayejua. Kaka yangu sasa huwasafishia majirani kompyuta zao, na tumeanza kuweka akiba ya kununua mbuzi mwingine.

Huyo hauzwi kwa pupa.