JINA MOJA, WATU WAWILI



Juma lililopita alinijia mzee mmoja wa upande wa Sabaki, na karatasi mbili mkononi. Zote zilikuwa na jina la Karisa wa Kazungu, babaye. Ya kwanza ni stakabadhi ya kodi ya nyumba tatu, ya mwaka 1912. Ya pili ni kipande cha mwaka 1920, kilichoandikwa "miaka 18". Je, mtoto wa miaka kumi alilipaje kodi ya nyumba tatu?

"Mwanangu," akasema, "ndugu zangu wanadai kwamba moja ni ya uwongo. Na aliyelipa kodi ile ndiye aliyefyeka shamba letu."

Nikamwuliza, "Mzee wangu, mwaka 1914, Serikali ilipobomoa Kaya Fungo kwa baruti, mlipa kodi alikuwa na umri gani?"

Akafikiri sana. "Alikuwa mzee wa mvi."

Basi hapakuwa na uwongo. Desturi ya Wagiriama ni kumpa kifungua mimba mwanamume jina la babu yake mzaa baba. Karisa humzaa Kazungu, na Kazungu humzaa Karisa. Mlipa kodi alikuwa babu; mwenye kipande, mjukuu.

Mzee alinyamaza, maana shamba la babu ni la wajukuu wote, si lake peke yake. Kisha akakunja karatasi zake, akasema, "Nitawaita."

Ndugu msomaji, usichane karatasi kwa kuwa inapingana na nyingine. Uliza kwanza ukoo, rika, na tukio kubwa la siku zile. Miaka ya vipande mara nyingi ilikisiwa tu.